Faini Niliyotozwa na Mtani

Kama leo umetoka kwenye dirisha la dawa na mfuko wa vidonge vya kifua kikuu, na umekaa mahali ukijiuliza miezi sita itakwishaje, haya nayaandika kwa ajili yako. Sijui mambo ya kitabibu. Nilisoma mpaka kidato cha nne, baada ya hapo nikasomeshwa na barabara. Ninachokijua ni jinsi mkojo unavyogeuka rangi ya soda ya chungwa, jinsi benchi la kusubiri linavyomuumiza mtu aliyekwisha nyama za makalio, na jinsi ya kumaliza. Mimi nimemaliza. Suruali niliyokuwa naifunga kwa kamba sasa haipandi mapajani.

Tangu ujana nimekuwa mtu wa kuhama. Nimechimba Mererani, nimekuwa utingo wa malori ya Tunduma, nimeuza viatu vya mitumba Makambako, nimenunua ufuta Lindi kwa niaba ya tajiri mmoja. Nikiwa Mbeya nilitamani joto la Kilwa. Nikiwa Kilwa nilitamani ukungu wa Matombo asubuhi na harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Lakini kutamani kwetu siyo kurudi kwetu. Mama yangu aliugua karibu mwaka mzima, nami nilimwona mara mbili. Nilikuwa mtoto wa kwenye simu.

Kikohozi kilinianzia Tunduma. Nilikipa asali, tangawizi, na kila dawa ya maji niliyouziwa kwenye chupa. Kikanywa vyote na kuendelea. Nilipoanza kuamka shuka limelowa jasho kama limetoka kufuliwa, nilipanda basi nikaja Morogoro mjini, Mafiga, kwa dada yangu Agnes. Ilikuwa masika.

Hospitalini sisi wa kukohoa tuliwekwa nje, ubavuni mwa jengo, upepo unakopita. Mvua ilipokuja na upepo ilituelekea sisi sisi, na benchi zima tukasogea upande mmoja tukabanana kama kuku. Mama mmoja ambaye hata jina lake sikuuliza alifungua chupa ya chai akanimiminia kwenye kifuniko, akasema niinywe yote, yeye ameshakunywa. Nikainywa yote. Niliona ni haki yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa zaidi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiri siku zile. Nilikuwa nimezungukwa na wagonjwa, na nikaona mgonjwa mmoja tu.

Majibu yalitoka: kifua kikuu. Agnes alisikiliza maelekezo yote, akanitengea chumba, kikombe na sahani, na kwenye kikombe akapaka alama ya rangi nyekundu ya kucha. Ana wajukuu wadogo mle ndani, alikuwa na sababu. Mimi niliona nimetengwa. Nikanuna, nikawa nakula nusu na kurudisha sahani, mpaka siku moja akaniambia neno ambalo lilikuwa limemkaa muda mrefu.

"Kosmas, ukiwa mzima hatukuoni. Ukiumwa ndiyo unakumbuka una dada."

Nikamjibu kwamba basi nitaondoka. Akasema, "Ondoka. Si ndicho unachokijua?"

Lakini ni yeye aliyepiga simu Matombo nyumba ya marehemu mama ikafagiliwa. Ni yeye aliyenifungia shuka mbili, sukari na sabuni, akanisindikiza mpaka kituoni na kugeuza uso nisione anavyolia. Kwetu Uluguru ukoo ni wa mama, na nyumba ya mama ni mahali ambapo huhitaji kubisha hodi. Nilirudi pale nikiwa na zaidi ya miaka arobaini, mwepesi kuliko nilipoondoka nikiwa na kumi na tisa.

Kadi yangu ya matibabu ikahamishiwa zahanati ya kijijini. Muuguzi akauliza nani atakuwa msimamizi wangu, maana dawa hizi zinataka mtu mwingine akuone ukizimeza kila siku. Sikuwa na mtu. Jumamosi nilipelekwa kwenye Jumuiya, kile kikundi chetu cha sala cha majirani, nikakaa mbali kwenye jiwe, kitambaa mdomoni. Mwenyekiti alipouliza nani atajitolea, watu walianza kuangalia vidole vya miguu yao. Sikuwalaumu. Ningekuwa mimi, ningekuwa nimeshaondoka.

Ndipo aliponyoosha mkono Leokadia, mama wa makamo mwenye shamba la migomba chini ya njia ya kanisani.

"Nipeni mimi," alisema. "Huyu ni mtani wangu. Akifa, kazi ya kumzika ni yangu. Heri nifanye hii ya kumponya, naona ni nyepesi kidogo."

Jumuiya nzima ilicheka, na mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Kwa msomaji asiye wa kwetu: ukoo wa Leokadia na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaruhusiwa kukutukana hadharani, kuchukua kitu chako, kukucheka hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukifa, yeye ndiye anayeshika kazi. Kwa hiyo hakuna anayekuchezea kama yeye, na hakuna unayemtegemea kama yeye.

Alikuja kila asubuhi jua likichomoza. Dawa kwanza, uji baadaye. Alikuwa anasimama mlangoni akiniangalia koo mpaka kidonge kishuke, halafu ananiamuru nipanue mdomo. Alisema nina shingo ya bata mzinga. Alisema amekwisha kupima urefu wangu kwa macho na mbao za jeneza zitabaki. Wiki ya kwanza kichefuchefu kilinifanya nichukie harufu ya kila kitu, hata ya mvua. Wiki ya tatu viungo viliuma, magoti yakawa yanalia kama bawaba. Wiki ya tano niliamka nina njaa. Sikuwa nimesikia njaa kwa miezi, na nilipomwambia Leokadia, alikwenda nje akapiga kigelegele peke yake, kisha akarudi na kunionya nisimle yeye.

Katika muda wote huo nilikuwa na mpango, na sikuuficha. Miezi miwili ya dawa nzito ikiisha na makohozi yakionekana safi, nitaomba kadi yangu na vidonge vyangu, niende Lindi. Msimu wa ufuta ungekuwa umeanza. Muuguzi alinieleza wazi kwamba kuhama na matibabu kunawezekana, lakini wengi wanaoondoka na vidonge mfukoni huviacha njiani wakijiona wazima, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali kuliko mwanzo. Nikamwambia mimi si kama wengi. Nilikuwa nasali pia, tena sana. Bwana niponye, Bwana nipe nguvu, Bwana nifikishe Lindi. Ukizichunguza, sala zangu zote zilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Mwezi wa Juni makohozi yakawa safi. Sikuwa wa kuambukiza tena, nikapewa vidonge vya miezi minne iliyobaki na ruhusa ya kukaa na watu. Jumapili ile niliamua kwenda kanisani na koti langu la ngozi nililonunua kwenye mitumba ya Makambako, kitu pekee cha thamani nilichorudi nacho. Nikalitafuta kwenye msumari sikulikuta. Nilipofika kanisani nilikuta limekaa benchi la mbele, mgongoni mwa Leokadia, juu ya kitenge, mikono imekunjwa mara tatu, na mwenye nalo anaimba kwa sauti ya kwanza.

Tulipotoka nje nilimfuata. Sijui nilikuwa na nini siku ile. Nilimwambia mbele ya watu avue, kwamba yeye ni mwizi, kwamba kuja na uji siyo kununua vitu vya watu. Nilisema kwa hasira ya kweli, na kila mtu aliisikia kuwa ni ya kweli.

Mwenyekiti wa Jumuiya akaweka mkono kichwani, akasema polepole, "Jamani. Mtani amekasirika."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Kwetu hilo ni kosa, na kosa la kumkasirikia mtani lina faini, ambayo anaitaja aliyekosewa. Kwa kawaida ni kuku. Watu wakaanza kumchagulia Leokadia jogoo. Yeye akavua koti taratibu, akalikung'uta, akanivisha kama mtoto anayepelekwa shule.

"Kuku nitamla leo, kesho faini imeisha," alisema. "Mimi nataka miguu yake. Goti langu limechoka. Wiki nzima atanipandia kwa mzee Shomari, amwone anavyomeza dawa."

Nikauliza mzee Shomari ni nani. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa wiki tatu, kila alipotoka kwangu na sufuria tupu, Leokadia alikuwa anapanda mlima karibu saa nzima kwenda kwa mgonjwa mwingine wa ugonjwa wangu huu huu, ambaye hata wa Jumuiya yetu hakuwa. Nilikuwa nimedhani goti lake linauma kwa umri tu. Nilikuwa nimedhani mimi ndiye mgonjwa wake pekee.

Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Ungesikia? Wewe Ukristo wako umeishia kwenye cheti cha ubatizo."

Mzee Shomari alikuwa mjane mwenye zaidi ya miaka sabini, Mwislamu, anaishi juu kabisa kwenye shamba lake la karafuu na pilipili manga. Watoto wako Dar es Salaam. Siku ya kwanza nilifika nikihema, nikashika ukuta, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanitazama nilivyo, akaniuliza ni nani kati yetu ametumwa kumtazama mwenzake. Kisha akauliza kwa upole kama nimekuja kumbatiza.

"Hapana, mzee," nikasema. "Nimetozwa faini."

Nikamsimulia habari ya koti. Alicheka mpaka ikabidi alale chali. "Basi Mungu aizidishe hiyo faini," akasema akifuta macho.

Vidonge vilimshinda, vilimtapisha. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi na kuvitema nikigeuka. Mwongo wa dawa anamjua mwongo mwenzake. Sikumfokea. Nilikaa naye nikamwambia jinsi wiki ya kwanza nilivyochukia hata harufu ya mvua, na jinsi siku moja njaa inavyorudi kama mgeni uliyemkatia tamaa. Alinisikiliza kama mtu anayeelezwa habari za mji anaoelekea. Muuguzi alipotukubalia, tukawa tunakificha kidonge ndani ya kipande kidogo cha ndizi mbivu, anafumba macho, kinashuka. Siku ya nne alimeza bila kutapika, na mimi niliteremka mlima nikiimba. Nilifika nusu ya njia kabla sijagundua kwamba naimba kwa ajili ya tumbo la mtu mwingine.

Siku saba zikaisha. Ya nane nikapanda tena. Nisijisifu, sikuwa nimeamua lolote takatifu. Nilikuwa nimeahidi kumpelekea chumvi. Ya tisa nilikwenda kuona kama ile chumvi imefika vizuri. Leokadia akawa ananipa uji mwingi zaidi, akisema punda hulishwa kwa kazi yake. Nilikuwa nampa vidonge mzee baada ya kumeza vyangu, na sikukosa hata siku moja, maana ningemwambiaje ameze kama mimi sijameza? Usiku nikisali nilijikuta naanza na jina lake, na mara nyingine usingizi ulinichukua kabla sijafika kwangu.

Kisha Lindi ikaita. Yule tajiri wa ufuta alipiga simu akisema msimu umechanganya, ananihitaji kabla ya Jumatano, na kitanda changu cha zamani bado kipo. Sauti ile ilinifufulia kila kitu: maturubai, vumbi la ufuta, bahari nyuma ya maghala. Nikasema nakuja. Nikamweleza muuguzi, nikamweleza Leokadia. Hakunizuia. Alisema tu kwamba mzee ana miezi mitano mbele yake, na goti lake yeye halipandi, na hajui mwingine wa kumpata.

Jumamosi kwenye Jumuiya tulisoma Injili ya mkwe wa Petro, yule mama aliyelala na homa, Bwana akamshika mkono, homa ikamwacha, akainuka akaanza kuwahudumia. Mwenyekiti akauliza nani ana neno la kutushirikisha. Leokadia akajikohoza.

"Mimi naona tu," alisema, "huyu mama alipopona hakuuliza basi la Lindi linaondoka saa ngapi."

Watu walicheka, na nilicheka nao. Sikuwa na ruhusa ya kukasirika. Lakini kicheko kile kiliniwia kigumu kukimeza kuliko kidonge. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu utotoni na siku zote nilikuwa naishia pale homa inapomwacha. Sikuwahi kujali yaliyofuata.

Hata hivyo Jumatatu nilifunga begi. Nilipanga kupanda kwa mzee mapema, kumwona akimeza, kumuaga, kisha kuteremka moja kwa moja kwenye gari la mjini. Karibu na kwake njia inapinda, na kabla ya kona niliweka begi nyuma ya migomba ili nisimshtue nalo.

Nilipokata kona nilimkuta amesimama pale njiani. Mtu ambaye kwa wiki zote hizo alikuwa hatoki kizingitini. Amevaa kanzu safi, ameshika fimbo kwa mikono miwili, miguu inatetemeka na uso umejaa furaha. Nyuma yake, hatua kama thelathini hivi, mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

"Kila siku unanifuata," alisema. "Leo nimekuja kukupokea." Akanionyesha kwa fimbo bonde chini yetu. "Kesho nitafika kwenye ule mgomba uliolala. Keshokutwa kwenye jiwe. Usinipite njiani tu, maana macho yangu siyo mazuri."

Nilimshika mkono tukarudi taratibu. Alimeza dawa. Sikusema neno la kuaga. Nililitafuta na sikuliona. Nimepokelewa kwenye vituo vingi vya mabasi na watu waliotaka kunibebea mzigo. Sikuwahi kupokelewa na mtu aliyejifunza kutembea kwa ajili hiyo.

Pale kwenye kona ndipo mtandao hupatikana. Nikampigia yule tajiri nikamwambia siji. Akauliza nimepata kazi gani huko milimani. Nikamwambia nina mtu ananisubiri kwenye mgomba. Akakata simu, nafikiri alidhani nimelewa. Nikachukua begi langu nikarudi nyumbani, na mabega yalikuwa mepesi kana kwamba begi limebebwa na mwingine.

Mwezi wa Agosti, wakati wa baridi, nilishuka Mafiga mara moja na mkungu wa ndizi, nikamwomba Agnes msamaha. Siyo kwa ajili ya kikombe. Kwa ajili ya mama, ambaye yeye alimuuguza peke yake. Tulilia pamoja jikoni, kisha akanituma sokoni kama zamani. Kesho yake alfajiri nilikuwa nimesharudi mlimani.

Oktoba nilimeza kidonge changu cha mwisho. Leokadia alipiga kigelegele cha pili, safari hii na majirani, akatangaza kuwa mbao zangu anaziuza. Ningeweza kuondoka siku hiyo. Miguu iliwasha, sitadanganya. Inawasha hata leo ninapoandika. Nilibaki kwa sababu mzee alikuwa na dozi ya mpaka Desemba, na mvua za vuli zikianza njia ile inateleza.

Desemba tuliteremka pamoja mpaka zahanati, yeye na fimbo yake, mimi na mwavuli. Alishuka mlima wote kwa miguu yake, akisimama kila kona kunionyesha alipofika siku fulani na fulani. Muuguzi akafunga kadi yake, akamwambia amepona. Mzee akasema alhamdulillahi, nami nikasema amina, na Leokadia aliyekuwa ametusubiri getini akasema sasa na huyu naye atakula ndizi zake bure.

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi mama mmoja kijana, mfuko wa vidonge mapajani, mpya kabisa. Muuguzi alitoka na kadi yake akauliza kama amepata msimamizi. Yule mama akatikisa kichwa akiangalia chini. Akataja anakokaa: upande wa juu, ng'ambo kidogo ya shamba la karafuu.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mzee Shomari alinyoosha fimbo mbele yangu, kama anayezuia mbuzi asiingie shambani.

"Huyu ni jirani yangu," alimwambia muuguzi. "Andika mimi." Kisha akakaa kwenye benchi kando ya yule mama, siyo mbali, akaanza kumweleza habari za ndizi mbivu, na jinsi siku moja njaa inavyorudi. Mama yule aliinua uso akamtazama.

Mimi nilisimama pale na mwavuli, sina mgonjwa, sina dozi, sina safari, na moyo umejaa. Leokadia akauchukua mwavuli mkononi mwangu bila kuomba, akaufungua juu ya kichwa chake.

"Umenyang'anywa kazi na mzee wa miaka sabini," alisema. "Twende basi. Kuna mama amejifungua kule chini, hana mtu wa kumpasulia kuni."

Nikamfuata kwenye mvua.